Kozi ya Jioni, Cheti cha Nini?

Jirani yangu wa Buruburu, Nairobi, alistaafu utumishi wa serikali alipofikisha miaka 60. Ofisi ilimpa keki, saa ya ukutani na hotuba ndefu. Wiki mbili baadaye alinigongea mlango akiwa ameshika simu kama mtu aliyetumiwa ujumbe wa matusi. Watoto wote wa nyumba za koti yetu humwita Shosh, yaani nyanya, nami pia.

"Mwanangu, wewe ni mtu wa kuandika-andika. Hebu nieleze hivi vitu. Nataka kujifunza kuchora, na kuelewa sanaa zilitoka wapi. Sitaki digrii, za watoto wangu nimezilipia za kutosha. Lakini kila chuo ninachopigia kinaniambia lugha yake. Huyu anasema kozi fupi, yule stashahada, mwingine ananiuliza nilipata alama gani KCSE, huo mtihani wa Fomu Nne. KCSE mimi niliifanya lini? Mimi nilifika Fomu Sita!"

Siku ile nilimjibu ovyo. Nilimwambia atafute kwenye intaneti, kumbe ndiko alikotoka. Jibu nililostahili kumpa limenichukua muda kulikusanya, kwa sababu tatizo lake halikuwa ukosefu wa kozi. Nairobi haina uhaba wa mahali pa mtu mzima kujifunza kuchora, kupiga piano, kuandika hadithi au kusoma fasihi simulizi. Kilichomkwamisha ni kwamba jina moja, "kozi ya chuo kikuu ya watu wazima", limebandikwa kwenye vitu visivyofanana, na anayekuuzia kimoja hana haraka ya kukwambia kuwa si kile kingine.

Tuanze na saa, maana saa hazidanganyi. Katika vyuo vikuu vyetu, somo moja la kawaida la muhula mmoja huhesabiwa kuwa saa 45 za kufundishwa. Mwanafunzi wa shahada husoma masomo kama hayo kwa makumi kabla ya kuvaa joho. Sasa chukua kozi fupi ya jioni inayotangazwa kwa bango la kupendeza: wiki nane, kila Jumanne, kuanzia saa kumi na moja u nusu hadi saa moja u nusu. Hizo ni saa 16, kama theluthi moja ya somo moja tu. Si jambo baya hata kidogo, saa 16 za mwalimu mzuri zinaweza kubadilisha jinsi unavyolitazama jengo la Kumbukumbu za Taifa kila unapolipita ukikimbilia matatu. Lakini cheti utakachopewa mwisho kinasema ulihudhuria, basi. Nembo ya chuo iliyo juu yake inaweza kuwa ileile iliyo kwenye digrii, na hapo ndipo wengi hudanganyika bila mtu yeyote kuwadanganya.

Programu za shahada na stashahada ni habari nyingine. Chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, programu za shahada hupitia mikononi mwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE. Kisha kuna Mamlaka ya Kitaifa ya Ufuzu, KNQA, iliyozaliwa na sheria ya 2014, yenye ngazi kumi za kupanga vyeti vyote nchini. Stashahada iko ngazi ya 6, shahada ya kwanza ngazi ya 7, na ya uzamifu juu kabisa ngazi ya 10. Kozi fupi isiyo na tuzo ya kitaaluma kwa kawaida ni uamuzi wa chuo chenyewe. Kinaweza kuianzisha mwezi huu na kuifuta ujao bila mtu wa nje kuulizwa, na kwa hiyo haikai popote kwenye ngazi ile. Ukitaka kujua unauziwa nini, muulize afisa wa usajili swali moja: "Hii iko ngazi ya ngapi?" Akianza kukueleza uzuri wa mazingira ya kampasi, umeshajibiwa.

Kati ya hizo mbili kuna kitu cha tatu ambacho watu wazima wengi hawajui hata kukiuliza: kusoma somo moja moja kutoka programu kamili. Unakaa na wanafunzi wa stashahada au shahada, unasoma lile la historia ya sanaa tu, unafanya mtihani, na saa zako 45 zinaandikwa. Si kila idara hukubali. Inayokubali huwa inakupa kitu ambacho baadaye unaweza kwenda nacho mlango mwingine ukaomba kihesabiwe. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia bora kwa mtu asiye na hakika kama anataka stashahada nzima, na ndiyo isiyotangazwa kabisa.

Na cha nne ni mihadhara ya wazi, ambayo haidai chochote wala haitoi chochote cha kupigwa fremu. Nitairudia.

Kwa nini hali ikawa hivi? Wazo lenyewe si la jana. Chuo kikuu kutoka nje ya ukuta wake kwenda kufundisha watu wazima wenye kazi zao lilianza kushika Uingereza mwaka 1873, Cambridge ilipoanza kutuma wahadhiri mijini. Afrika Mashariki likaja kupitia Makerere, iliyofungua idara ya masomo ya nje mwaka 1953. Upande wetu, kituo kilikuwa Kikuyu, nje kidogo ya Nairobi, ambako masomo ya watu wazima ya chuo kikuu yaliwekwa makao miaka ya 1960. Mwishoni mwa muongo huo, walimu wasio na mafunzo kamili walikuwa wakisoma kutoka huko kwa posta na redio. Ona lakini walichokuwa wakisomea: kupanda ngazi kazini. Tangu mwanzo, serikali ilipomlipia mtu mzima masomo, ilimlipia ili awe mwalimu bora au karani bora. Aliyetaka kuchora alijitafutia.

Na watu walijitafutia kweli. Mwaka 1963, mwandishi wa Afrika Kusini Ezekiel Mphahlele alikuja Nairobi kuongoza kituo kilichoitwa Chemchemi, ambako watu wazima wenye kazi zao za mchana walijifunza uandishi, maigizo na sanaa. Miaka miwili hivi baadaye aliondoka akaingia kufundisha chuo kikuu. Mwaka 1965 ikaanzishwa Paa ya Paa, ambako mchoraji Elimo Njau na wenzake waliwakaribisha watu kuona sanaa ya Afrika na kuijaribu. Jina hilo, kwa wasiojua, linacheza na paa mnyama na kupaa angani. Hakuna ofisi ya usajili ambayo ingelifikiria.

Mfano mzito zaidi uko Limuru, mwendo wa chini ya saa moja kutoka mjini siku isiyo na jam. Kamiriithu ilianza kama kituo cha jamii ambacho watu wazima walifundishwa kusoma na kuandika. Masomo yenyewe yaliongozwa na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, aliyekuwa mtafiti Chuo Kikuu cha Nairobi. Akishirikiana na Ngũgĩ wa Thiong'o, wa idara ya fasihi ya chuo hichohicho, darasa la ngumbaru likageuka jukwaa: wakulima na wafanyakazi wa viwandani waliotoka kujua herufi wakajenga ukumbi kwa mikono yao, wakaigiza kwa lugha ya Kikuyu mwaka 1977. Leseni ya tamthilia ikafutwa baada ya wiki chache, na mwisho wa mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini. Mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa. Kwangu mimi, hiyo ndiyo kozi kubwa zaidi ya sanaa kwa watu wazima iliyowahi kuwahusisha watu wa chuo kikuu katika nchi hii. Haikuwa na cheti hata kimoja. Na vyuo vikuu vikaona vizuri kabisa kilichompata aliyechanganya elimu ya watu wazima na sanaa. Sina hati ya kuthibitisha kuwa woga huo ulibaki, ila nina macho.

Tukiruka hadi 1998, Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha masomo ya wanafunzi wa kujilipia, yaliyoitwa Moduli ya Pili, au masomo sambamba. Vingine vikafuata. Ghafla mji ukajaa madarasa ya jioni. Mtu alitoka ofisini saa kumi na moja, akanunua chapati na chai kibandani, akaingia darasani na wenzake wenye tai zilizolegea. Taa ziliwaka hadi saa mbili usiku, maktaba zilikuwa wazi, walinzi walilipwa zamu ya usiku. Kozi ndogo za sanaa na utamaduni hazikuwa na faida, lakini zilipanda mgongoni mwa zile za biashara na sheria: jengo liko wazi tayari, mhadhiri wa fasihi yuko tayari, kwa hiyo chumba kimoja kwa watu kumi na wawili si hasara.

Kisha mgongo ukakatika. Mwaka 2016 mtihani wa KCSE ulisimamiwa kwa ukali ambao haukuwahi kuonekana, na waliopata C+ na zaidi wakawa 88,929, ilhali mwaka uliotangulia walizidi 160,000. C+ ndiyo alama ya kuingia chuo kikuu. Waliofuzu wakawa wachache kiasi kwamba serikali iliweza kuwachukua wote na kuwadhamini, wengine hadi vyuo vya kibinafsi. Ni nani basi angejilipia? Moduli ya Pili ikakauka, madeni ya vyuo yakapanda, na malalamiko ya wahadhiri wa muda ambao hawajalipwa yakawa habari za kawaida. Kufungua jengo, kuwasha stima na kumweka mlinzi kwa ajili ya watu tisa wanaosoma historia ya uchoraji kukawa anasa. Hakuna mkutano ulioitishwa kuua kozi za jioni za sanaa. Zilikuwa zimepewa lifti, na gari likazima njiani.

Hapa naomba nieleze yaliyonipata, ili usidhani nazungumza nikiwa juu ya mti. Miaka kadhaa iliyopita nililipia kozi ya uandishi wa ubunifu katika chuo nisichokitaja. Nililipa kwa M-Pesa siku hiyohiyo niliyoona tangazo, nikanunua daftari jipya, na kuwatangazia ndugu zangu. Siku ya kuanza ikasogezwa, kisha ikasogezwa tena. Mara ya tatu nikaambiwa kwamba kozi huanza watu wakifika 15, nasi tulikuwa sita. Pesa zilirudi baada ya miezi mitano, zikiwa zimepunguzwa "ada ya usajili", usajili wa kitu ambacho hakikuwahi kuwepo. Ndiyo maana leo, kabla ya kuuliza karo, mimi huuliza idadi. Darasa linaanza likiwa na wangapi? Lisipoanza, pesa zinarudi lini, na zote? Afisa mwaminifu hujibu papo hapo. Kama anasitasita, weka simu yako mfukoni.

Kuna sababu nyingine ya kifedha inayoziacha kozi hizi zikiwa yatima, nayo iko kwenye mishahara. Kila mwajiri hulipa mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, ushuru wa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, na anaweza kudai kurudishiwa gharama akiwapeleka wafanyakazi wake kwenye mafunzo yaliyoidhinishwa. Mhasibu akisomea programu mpya ya hesabu, dai linaeleweka. Mhasibu huyohuyo akitaka kujifunza kupiga nyatiti, hakuna meneja wa rasilimali watu atakayetia sahihi. Kozi za biashara zina watu wawili wanaozilipia, mwanafunzi na mwajiri. Za sanaa zina mfuko mmoja tu, uleule unaolipa nauli na unga.

Wanaozitaka nao si wachache. Ukimwona mtu wa miaka thelathini na kitu Nairobi anayeshika brashi kama anashika kijiko, usimcheke. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, muziki na sanaa na ufundi ziliondolewa kwenye mtihani wa shule ya msingi, na katika nchi yetu kisichotahiniwa hakifundishwi. Vipindi vya sanaa kwenye ratiba vikageuka vya hesabu. Kizazi kizima kilivuka bila kujua kuchanganya rangi mbili. Sasa mtaala mpya umeleta mkondo wa sanaa na michezo katika shule za upili za juu, ambazo darasa lake la kwanza la Gredi 10 liliingia Januari 2026, na walimu wa kuufundisha wanatoka katika kizazi hichohicho. Kama kuna kitu kitakachovirudisha vyuo vikuu kwenye kozi za jioni za sanaa, basi ni walimu hao watakaokuja kutafuta kile walichonyimwa wakiwa na miaka kumi. Hata hivyo, itakuwa tena elimu ya kupanda ngazi kazini, kama ile ya posta na redio.

Turudi kwa Shosh na kikwazo chake cha KCSE, kwa sababu kimewarudisha wengi nyumbani bila sababu. Waliosoma kabla ya mfumo wa elimu wa 8-4-4 kutoa watahiniwa wake wa kwanza wa KCSE, mwaka 1989, walifanya mtihani wa Fomu Sita, KACE. Kanuni za vyuo vikuu vyetu vingi bado zinamtaja mtu huyo: principal mbili za KACE, yaani kufaulu kikamilifu masomo mawili, zinatosha kuingilia shahada. Shosh anazo tatu. Kilichomkataa ni fomu ya intaneti yenye kisanduku kinachodai alama ya wastani ya KCSE, kilichotengenezwa na kijana ambaye KACE kwake ni kama mkutano wa Berlin. Dawa yake ni kuacha fomu, kupeleka karatasi zenyewe kwa mkono ofisi ya usajili na kuomba kumwona mtu. Na kwa kozi fupi ya saa 16 hakuna haja ya kumuuliza mtu yeyote alama zozote. Anayekuuliza amenakili fomu ya stashahada.

Kwa mwenye ujuzi lakini hana karatasi kabisa, ipo njia ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, RPL kama wanavyoiita wenyewe. Fundi huleta ushahidi wa kazi zake, hupimwa na mtahini katika kituo kilichoidhinishwa, kisha hupewa cheti kinachokaa kwenye ngazi za KNQA. Wengi waliopitia huko ni mafundi wa ujenzi, magari na nywele. Mchonga vinyago wa miaka ishirini au mcheza ngoma aliyezunguka dunia hana sababu ya kutojaribu, ila ajiandae: sanaa haijazoeleka kwenye fomu hizo, naye atatumia nusu ya siku kueleza kazi yake ni ipi.

Je, anayetaka kujifunza kwa kujifunza tu aende wapi? Hapa ndipo Nairobi inanichekesha. Simama Harry Thuku Road, chuo kikuu kikiwa jirani. Kando ya barabara hiyo uko Ukumbi wa Taifa wa Maigizo, uliofunguliwa 1952, na kwenye uwanja huohuo wa Kituo cha Utamaduni ipo Konsavatori ya Kenya, iliyofundisha muziki tangu 1944. Mtu wa miaka 50 huanza violini pale akiwa jirani na mtoto wa miaka saba, na akitaka kupimwa anafanya mitihani ya bodi ya London ya madaraja 1 hadi 8. Hiyo ni ngazi nyingine kabisa, isiyojua KNQA wala CUE, na bado mwalimu yeyote wa muziki duniani anaielewa. Teremka ukapande kilima cha Makumbusho: pale Chama cha Makumbusho cha Kenya kimeendesha kwa miongo mihadhara ya kuijua Kenya, historia yake, watu wake na mazingira yake, na wengi wa wanaosikiliza hawahitaji kuthibitisha lolote kwa yeyote. Katikati ya mji, Goethe-Institut na Alliance Française wanafundisha lugha kwa ngazi za A1 hadi C2, na jioni wanafungua maonyesho na tamasha ambazo ni darasa bila mwalimu. Kilimani wapo wasanii wa kikundi kiitwacho Kuona. Eastlands, maktaba za Makadara na Kaloleni zilizokarabatiwa na shirika la Book Bunk zimekuwa mahali pa kusoma, kusikiliza na kubishana.

Nilimwandikia Shosh haya yote kwenye karatasi mbili. Alizisoma amesimama, akavua miwani. "Kwa hiyo nikitaka cheti niende huku, na nikitaka kuchora niende kule?" Nikamwambia ndiyo, kwa sasa ni hivyo. Akanyamaza kidogo. "Na ninyi mnaona hiyo ni sawa?"

Sasa kila Jumamosi hupanda matatu mbili kwenda kuchora na kikundi cha watu wazima. Hurudi vidole vyeusi kwa makaa, akilalamika kuwa mwalimu wake ni mtoto mdogo asiyejua kusalimia, ila anajua kivuli. Mwezi uliopita alinionyesha picha ya tangi la maji lililo juu ya nyumba yangu, na kusema kweli sikuwahi kuliona limeinama hivyo hadi alipolichora. Juu ya stashahada hajaamua. Lakini ukifungua mkoba wake utakuta, chini ya penseli na kifutio, bahasha ya kaki, na ndani yake zile principal tatu.